Naomba ushauri: watoto wa mjini wajue chakula kinatoka wapi, shule haina shamba

Mwl_Ilala
Habari zenu wakuu. Nafundisha darasa la tatu, shule iko katikati ya mji, uwanja wote saruji. Ukiwauliza mchele unatoka wapi, wanajibu dukani kwa Mangi. Nataka waone kwa macho yao, bajeti ndogo. Nianzie wapi?

Bustani_Kirobani
Mwalimu, panda mchicha. Unavunwa wiki 3 hadi 4, unamaliza kabla ya likizo. Toboa viroba chini na ubavuni, jaza udongo mafungu mawili, samadi fungu moja, mchanga fungu moja. Samadi iwe imeoza kabisa. Ya kuku ikiwa mbichi inaunguza miche. Changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza, funika kwa udongo usiozidi nusu sentimeta. Wengi wanazifukia chini sana, zisipoota wanamlaumu muuza mbegu. Mwagilia kwa kopo lenye matundu, ukimimina kwa ndoo mbegu zote zinasombwa pembeni.

Bibi_Ungo
Mchicha sawa, ila swali lao ni mchele, mwalimu, usiliruke. Tafuta mpunga kilo 1 wa msimu huu kwenye mashine ya kukoboa, uazime kinu, mchi na ungo. Watwange kwa zamu, wapete, wapime tena: mchele utabaki gramu 600 na kitu, nyingine ni pumba. Kabla ya kutwanga, weka pembeni punje 10 za mpunga. Zilaze kwenye kopo lenye pamba yenye unyevu, na kopo la pili weka punje 10 za mchele mweupe. Mpunga utachipua ndani ya wiki, mchele utavunda, kwa kuwa kukoboa kunaondoa kiini. Usiwaambie mapema. Waache waulize wenyewe.

Mzee_wa_Sokoni
Kisha wapeleke soko la Ilala, ila si alfajiri malori yakishusha mzigo. Omba ruhusa ofisi ya soko kwanza. Kila kundi liulize bidhaa moja tu imetoka wapi: machungwa Muheza, nanasi Kiwangwa, viazi Njombe. Wakirudi wachore kwenye ramani.

Mwl_Ilala
Asanteni sana. Mchicha wenyewe wanaweza kuula?

Bustani_Kirobani
Wale, ndiyo raha yake! Uoshwe vizuri tu. Ila viroba viwe vya unga au sukari, vilivyobeba mbolea ya dukani au dawa usiviguse.