Upara wa kurithi, wanaume kwa wanawake: tupeane uzoefu wa chanzo na tiba

Kofia_Muda_Wote (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa wale ambao nywele zinaondoka taratibu bila homa wala kidonda, na ukitazama ukoo unaona fulani na fulani nao walipitia njia hiyo hiyo. Nyuzi za upara zipo tele, ila nyingi zimetekwa na wauza mafuta. Hapa kila mtu aseme yake: ulianzaje, uliambiwa nini, umetumia nini, kimejibu au kimegoma. Wenye chupa za kuuza mkae pembeni kidogo.

Naanza. Kwangu zilirudi nyuma pande mbili za paji, zikaacha ulimi katikati, kisha utosi nao ukaanza kung'aa. Kisogoni na juu ya masikio hakujaguswa mpaka leo. Mtaalamu wa ngozi alinisogezea kichwani kidude chenye lenzi na taa, picha ikatokea kwenye skrini. Kisogoni, kila tundu linatoa nywele mbili au tatu, zote nene. Utosini, tundu linatoa moja nene na jirani yake nyembamba kama manyoya ya kifaranga, na matundu mengine yamebaki na hiyo nyembamba tu. Akasema tofauti hiyo ya unene ndiyo alama yenyewe, wala hakuhitaji kukata nyama akapime.

Maelezo yake niliyaelewa hivi. Testosteroni, ile homoni ya kiume, hugeuzwa mwilini na kimeng'enya fulani (kichocheo cha kikemia) kuwa homoni kali zaidi, DHT. Wala si kwamba mimi nina homoni nyingi kuliko wenye nywele zao. Mizizi ya mbele na utosini ndiyo iliyorithi udhaifu mbele ya hiyo DHT. Kwa kawaida unywele hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, hudondoka, mwingine unaanza. Kwa sisi, muda wa kukua unapungua kila duru, kwa hiyo kila unywele mpya unatoka mfupi na mwembamba kuliko uliotangulia, na mzizi wenyewe unasinyaa. Ndiyo maana unaweza kupara bila kuona rundo la nywele kwenye kitana.

Napaka minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo zilipukutika zaidi ya kawaida. Nilikuwa nimeonywa: dawa inazisukuma nywele zilizopumzika zitoke ili duru mpya ianze. Matokeo usiyatafute kabla ya mwezi wa nne, na hukumu ya haki ni mwaka. Utosi umejaa kiasi. Zile pembe za mbele hazijarudi, na nimeshaacha kuzidai.

MamaWawili

Asante kwa kukumbuka na wanawake, maana upara ukitajwa watu wanaona wanaume tu. Sisi hatupari kama ninyi. Mstari wa mbele unabaki, ila pale unapogawa nywele katikati panazidi kupanuka, mpaka ngozi inaonekana hata taa ikiwa mbali. Mimi nilifunika kwa vilemba muda mrefu.

Kilichochanganya ni kwamba ilianza karibu na uzazi. Baada ya kujifungua, miezi miwili mpaka minne hivi, nywele nyingi hudondoka kwa mpigo kwa sababu homoni za ujauzito zimeshuka. Hiyo hurudi yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka. Yangu haikurudi. Daktari hakukimbilia neno "kurithi". Aliagiza kwanza kipimo cha akiba ya chuma mwilini na cha tezi ya shingo, akaniuliza kama hedhi inakuja kwa mpangilio, kama nina chunusi nyingi au ndevu, maana vivimbe kwenye ovari, yaani mifuko ya mayai ya mwanamke, navyo huvuruga homoni. Chuma kilikuwa chini, nikatibiwa. Zikapungua kudondoka lakini mstari ukabaki mpana. Ndipo akasema hapa kuna mawili kwa pamoja, na la pili umelikuta kwenye damu ya ukoo.

Natumia minoksidili ya povu, mara moja kwa siku. Nywele zimejaa, ila na mashavu yaliota vinyweleo laini. Nilijifunza kupaka mapema jioni ikauke kabla ya kulala, isihamie kwenye mto na kurudi usoni. Baadaye nikaongezewa spironolaktoni, dawa ya shinikizo la damu ambayo pia inazuia homoni za kiume. Hiyo usiimeze ukiwa mjamzito au unatafuta mtoto. Mimi nipo kwenye uzazi wa mpango kwa ajili hiyo.

Mjukuu_wa_Babu

Nauliza tu, nimekua nikisikia upara unatoka kwa wajomba. Babu mzaa mama ana nywele hadi leo, baba kipara kitupu. Mimi nimepona?

MfamasiaZamu

Hapana mkuu, ila hao waliosema si waongo kabisa. Jeni ya kipokezi cha homoni za kiume, yaani sehemu ya seli inayozipokea homoni hizo, ipo kwenye kromosomu X, na mwanaume X yake anaipata kwa mama. Ni jeni yenye uzito kweli. Lakini zinazochangia ni nyingi mno, zimetapakaa kwenye kromosomu nyingine, za baba zimo. Ndugu wawili wa tumbo moja mmoja anapara na mwingine hapari.

Kuhusu homoni yenyewe, mambo yalianza kueleweka mwaka 1942. James Hamilton wa Marekani aliandika kuhusu wanaume waliokosa korodani tangu kabla ya kubalehe. Hawakupara. Alipowapa testosteroni, wale wenye upara kwenye ukoo walianza kupara, wengine wakabaki na nywele zao. Kwa hiyo vinatakiwa vitu viwili, homoni na urithi. Kuvaa kofia, kuosha kila siku, kuumiza kichwa na hesabu, vyote hivyo havimo.

Nywele_Asilia_254

Kuna mtu anisaidie mafuta gani ya

Kofia_Muda_Wote

Dada soma uzi kwanza, tafadhali.

MsusiMstaafu

Mimi nimesuka vichwa vya watu maisha yangu yote, na naomba hapa nikae kidogo, kwa sababu wanawake wengi wanaambiwa "umerithi" kumbe sivyo, na wengine wanaambiwa "ni kusuka" kumbe wamerithi.

Mteja akikaa kwenye kiti naanza kuangalia ukingo. Ukingo wa mbele na juu ya masikio ukiwa umeliwa, huku zimebaki nywele chache fupi mwisho kabisa kwenye ngozi, hiyo ni kuvutwa: misuko ya kubana, nywele nzito za kuunganisha, wigi la gundi. Ukiwahi kulegeza zinarudi. Ukiendelea miaka, mzizi unakufa na hapo hakuna dawa ya kupaka itakayoufufua. Mstari wa katikati ukipanuka huku ukingo umekaa vizuri, huyo namwambia atafute daktari, huenda ni ule wa mama aliyetangulia hapo juu.

Ila kuna upara wa tatu, na ndio unaonitisha. Unaanza utosini kabisa, duara, unatanuka kwenda nje. Mteja anasema panawasha, pananiuma nikiguswa na kitana, panaungua. Ngozi inakuwa laini, inang'aa, na matundu ya nywele huyaoni tena. Huo ni upara wa kovu, unawapata zaidi wanawake weusi. Zamani lawama zote zilipelekwa kwenye kitana cha moto na dawa za kulainisha. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye tatizo hilo wana kasoro kwenye jeni inayoitwa PADI3, inayohusika na kuunda unywele. Maana yake na huo nao una urithi ndani yake. Tiba yake si ya kuotesha kwanza, ni ya kuzima moto: dawa za kupunguza uvimbe, sindano za kichwani, vidonge. Na hausubiri. Kila mwezi unaochezea mafuta, kovu linaongezeka. Binti yangu nilimpeleka mimi mwenyewe, nikamfungua misuko yote mlangoni kwa daktari. Wamelizuia, lile duara halijaongezeka.

MafutaYaMiujiza

Pole wapendwa. Nina mafuta yanaotesha ndani ya siku 14 hata kama kipara cha miaka 20. Njoo inboksi.

Bwana_Tahadhari

Siku 14? Unywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Hata ukiota leo, baada ya siku 14 ni nusu sentimita. Mods, tafadhali ondoeni hii.

Nirudi kwenye mada. Mimi nilipewa finasteraidi ya miligramu 1. Inazuia kile kimeng'enya kinachotengeneza DHT. Dawa hii ilitoka kwanza mwaka 1992 kwa dozi ya miligramu 5 kwa ajili ya tezi dume, ya nywele ikaruhusiwa Marekani mwaka 1997. Wazo lilitokana na familia za Jamhuri ya Dominika zilizoandikwa mwaka 1974, ambazo watoto wao wa kiume huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho. Wakikua wanakuwa na tezi dume ndogo na hawapari.

Sasa uzoefu. Upara ulisimama. Kusimama tu kwangu ni ushindi, maana ukoo wetu unakwenda kasi. Lakini hamu ya tendo ilipungua, na mke wangu aliliona kabla sijalisema. Tulikaa, nikamrudia daktari, nikaacha. Hamu ilirudi. Nywele zilizokuwa zimeokolewa zikaondoka ndani ya mwaka. Wengi wanatumia bila shida hiyo, wachache inawapata, na wapo wanaolalamika kwamba iliendelea hata baada ya kuacha, au kwamba walivunjika moyo na kuwa na huzuni nzito. Mtu amwambie daktari historia yake ya sonona kabla ya kuanza. Silaumu dawa, nilipima nikaona bei yake kwangu ni kubwa.

MfamasiaZamu

Niongeze kwa Bwana_Tahadhari, haya hayasemwi dirishani. Mjamzito asimeze finasteraidi wala asishike kidonge kilichovunjika, inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Anayetumia asichangie damu mpaka apite mwezi mmoja tangu aache. Na mkipimwa PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, mwambieni daktari kwamba mnaitumia, kwa sababu dawa hushusha namba hiyo kwa karibu nusu na saratani inaweza kufichika nyuma yake.

Na wale wa vidonge vya biotini, ile vitamini: kama huna upungufu, hakuna ushahidi wa maana kwamba vinaotesha. Dozi kubwa zinapotosha vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo. Acha kabla ya kupima.

Kisogo_Kikapanda_Juu

Nimepandikiza. Wanachofanya ni kuhamisha, hawaongezi. Unywele wa kisogoni ukipelekwa mbele unaendelea kuwa na tabia ya kisogoni, jambo ambalo Norman Orentreich wa New York aliliandika mwaka 1959. Ganzi ndiyo inauma, kazi yenyewe unalala tu kifudifudi wakichomoa moja moja. Kisha wiki chache baadaye zilizopandwa zinadondoka zote. Usilie. Mizizi imebaki, zinachomoza kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, na picha kamili ni baada ya mwaka.

Ambacho sikuambiwa na waliotangaza, nikaambiwa na daktari wa pili: usipoendelea na dawa, nywele zako za zamani zinazidi kuondoka nyuma ya zile za kupandwa. Utabaki na mstari mzuri mbele na uwanja nyuma yake. Na kisogo si benki isiyoisha. Kijana wa miaka 21 akikimbilia kupandikiza, atakuja kuhitaji akiwa na 40 na hazipo.

Wembe_Tu

Mimi nilinyoa zote. Nanyoa mara mbili kwa wiki, napaka mafuta ya jua, naendelea na maisha. Sijutii. Mwenye kichwa kibaya ajipime kwanza.

MamaWawili

Mzee Wembe, wewe unanyoa unaitwa msafi. Mimi nikinyoa naulizwa naumwa nini.

Wembe_Tu

Hapo umenishinda, dada.

Mjukuu_wa_Babu

Wakuu nimeelewa, kesho naenda kupimwa. Swali la mwisho: nyumbani tuna paka, analala kitandani kwangu. Hiyo minoksidili haina neno?

MfamasiaZamu

Ina neno kubwa. Kwa paka ni sumu, hata kiasi kidogo akikilamba kwenye ngozi yako au foronya kinaweza kumuua. Nawa mikono, acha ikauke, chupa iwe kabatini, na paka alale chumba kingine.

Mjukuu_wa_Babu

Basi paka anahama leo.