Chipu, hereni au kutoboa sikio: kipi kinafaa kwa panya wa maabara?

Mtunza_Vizimba: Panya wadogo 300, watano kila kizimba, utafiti wa miezi 18. Kwa sasa ni kutoboa masikio na kadi ya kizimba. Je, chipu (kidude chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi na kusomwa kwa mawimbi ya redio) na hifadhidata ya mtandaoni vinafaa zaidi?

Tabibu_wa_Banda: Kwa muda huo, chipu. Wakipigana, masikio huchanika na alama hazisomeki tena. Hereni za chuma hung'oka na kuacha vidonda. Ila msichukue chipu ya mbwa ya milimita 12. Panya mdogo inamtosha ya milimita 1.4 × 8, inayosomwa kwa masafa ya kilohezi 134.2, yenye viwango vya kimataifa vya chipu za wanyama, ISO 11784 na 11785. Kisomaji cha kilohezi 125 pekee hakitaiona.

Soma chipu ikiwa bado kwenye sindano. Mnyama akiwa kwenye nusukaputi, safisha ngozi kati ya mabega, iinue, ingiza sindano sambamba na mgongo, sukuma chipu, kisha bana tundu kwa vidole huku ukichomoa. Malizia na tone la gundi ya ngozi. Chipu hutoka kupitia tundu hilohilo kabla halijapona, kwa hiyo soma tena papo hapo na baada ya wiki.

Fundi_Jedwali: Msifanye namba ya chipu kuwa utambulisho wa mnyama! Chipu ikidondoka na kuwekwa nyingine, rekodi zake zinagawanyika kama za wanyama wawili. Mpeni namba ya kudumu, kisha jedwali la pembeni: mnyama, chipu, tarehe ya kuwekwa, tarehe ya kuondolewa. Safu ya chipu iwe ya maandishi. Excel huonyesha namba ya chipu ya tarakimu 15 kama 9.85E+14, na ukihifadhi CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) hivyo, tarakimu za mwisho zimepotea.

Chumba_cha_Picha: Kuna MRI (picha za ndani ya mwili kwa sumaku)? Feriti, yaani kiini chenye chuma kilicho ndani ya chipu, huharibu picha ya eneo linaloizunguka, na mabega yako karibu na shingo. Hapo ningechagua tatuu ya mkia, wino usio na chuma.

Mtunza_Vizimba: Hakuna MRI. Basi kitoboleo tukiache?

Tabibu_wa_Banda: Hapana, kile kipande cha sikio ndicho sampuli ya kupima vinasaba, na tundu linabaki akiba chipu ikiacha kusomeka. Someni panya mmoja mmoja, nje ya kizimba: chipu mbili zikikaribiana mawimbi huingiliana, na meza ya chuma hupunguza umbali wa kusoma, ambao tangu hapo ni sentimita chache tu.

Fundi_Jedwali: Na kisomaji kiwe na kumbukumbu yake yenye saa, ili intaneti ikikatika usomaji upakiwe baadaye.