Naomba ushauri: picorna, calici na astro nitazitofautisha vipi?

Binti_Kibokoni
Hamjambo wapendwa. Niko mwaka wa tatu, masomo ya maabara ya tiba, hapa Mombasa. Alhamisi nasimama mbele ya darasa kulinganisha familia hizi tatu za virusi vidogo vya RNA. Nimekesha siku mbili na kila nikisoma naona kitu kile kile: nanomita 30 hivi, hazina utando wa mafuta, uzi mmoja wa RNA chanya (yaani seli huisoma moja kwa moja kutengeneza protini) wa herufi 6,000 hadi 8,000 na ushei. Jedwali langu safu zote zafanana. Nianzie wapi?

Fundi_Maabara
Dada, ukubwa uache. Uliza swali moja: jeni za ganda ziko upande gani wa uzi? Kwa picorna ziko mwanzoni, za vimeng'enya zinafuata. Calici na astro ni kinyume, ganda liko mwishoni, na ndiyo maana hutengeneza RNA fupi ya pili ili ganda litoke kwa wingi. Picorna haina haja nayo. Husomwa yote kwa mkupuo, itoke protini moja ndefu, kisha ikatwe. Fikiria doti ya leso pale Mtaa wa Biashara: yaja vipande viwili vimeshikana, mkasi ndio wa kuvitenga. Ila kirusi mkasi wake, yaani kimeng'enya cha kukata, umo ndani ya kitambaa chenyewe, ile protini ndefu.

Daktari_wa_Mifugo
Hilo la leso limekaa vizuri. Mwanangu, litazame na ganda. Picorna ina protini nne, VP1 hadi VP4, nakala 60 kila moja. Calici hutegemea protini moja kubwa, nakala 180 zilizoshikana jozi 90, zikiacha vishimo kama vikombe. Jina lenyewe latokana na kikombe kwa Kilatini. Astro ilipewa jina la nyota mwaka 1975, lakini kwenye hadubini ni kama chembe moja kati ya kumi inayoonyesha nyota, kwa hivyo usiitegemee. Na usisahau mifugo: ugonjwa wa miguu na midomo ni picorna, na ndicho kirusi cha kwanza cha wanyama kutambuliwa, kazi ya wanasayansi wa Kijerumani Loeffler na Frosch mwaka 1898.

Binti_Kibokoni
Shukran sana. Sasa mbona kitini changu kimeiweka homa ya ini E kwenye calici?

Fundi_Maabara
Kitini cha zamani hicho. Iliwahi kuwekwa huko, ikatolewa, sasa ina familia yake, hepe. Tazama ncha ya mbele ya uzi: picorna na calici zina kiprotini kiitwacho VPg kimegandishwa hapo, homa ya ini E ina kofia kama ya RNA za mwili wetu. Ila VPg isikuhadae. Kwa calici ndiyo inayoivuta ribosomu, ile mashine ya seli inayosoma RNA na kuunda protini. Kwa picorna hukatwa, na ribosomu hutua ndani zaidi, kwenye mikunjo ya RNA yenyewe. Swali hilo mwalimu hakosi kuliuliza.

Binti_Kibokoni
Nimechora upya sasa hivi, nyuzi tatu kwa kalamu mbili: nyekundu ganda, buluu vimeng'enya. Nyekundu ya picorna imebaki kushoto peke yake. Jedwali nimelichana. Kesho nikitoka darasani nitawapigia picha ya mchoro mnikosoe kabla ya Alhamisi.