Wapangaji wa ziara za miji ya pwani, acheni kuwaanika watu juani!

Wakuu, nina hasira na leo nasema yote. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu katika mji wa pwani wenye jua kali, na ratiba ninazokabidhiwa zimetungwa na watu ambao hawajawahi kuzitembea. Wanakaa kwenye kiyoyozi, wanafungua ramani, wanaunganisha vituo sita kwa mstari, wanaandika "saa tatu za matembezi", kisha wanauza.

Juzi nimeletewa kundi saa saba mchana. Njia yote ni ukuta wa bahari, hakuna mti hata wa dawa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amejibana ukutani kwenye kivuli chembamba kuliko bega lake. Aliposhika chuma cha ngazi aliondoa mkono haraka, kilikuwa cha moto. Baada ya muda nikamuuliza kama yuko sawa, akanitajia hoteli ambayo hakufikia. Mtu akianza kuchanganyikiwa kwenye joto, hiyo si uchovu tena, ni dharura. Nilisimamisha ziara, tukamlaza mlangoni mwa jengo la watu, tukamwagia maji shingoni na kwapani, tukaita msaada. Nashukuru alipona. Sasa sikieni: simu ya kwanza kutoka ofisini ilikuwa kuuliza kwa nini kundi halijafika duka la zawadi. Hawakumuuliza hata hali yake!

Hapo ndipo uozo ulipo. Njia haifuati kivuli, inafuata kamisheni ya maduka.

Jua halina siri. Mionzi inayounguza ngozi huwa mikali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, na mawingu mepesi hayaizuii. Maji na mchanga huirudisha juu, kwa hiyo kofia peke yake haitoshi. Upepo wa bahari nao unadanganya, mgeni anajisikia poa huku anaungua. Na msikariri saa ya ukutani: Barcelona wakati wa kiangazi jua hufika kileleni karibu saa nane mchana, kwa sababu saa zao zimesogezwa mbele. Anayepanga "tumalize saa nane kabla jua halijawa kali" huko anawapeleka watu katikati ya moto, na joto la hewa linaweza kuendelea kupanda hata baada ya hapo.

Halafu kuna hili la maji, ambalo linanitoa machozi kabisa. Kipeperushi kimechapwa: "Matembezi ya mwambani kila siku saa nne asubuhi." Kila siku? Muda wa maji kujaa na kupwa husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Leo saa nne mwamba uko wazi, wiki ijayo saa ileile mawimbi yanapiga mahali mlipoahidi watu watapiga picha. Bamvua ikiingia, yaani maji makuu ya wakati wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanajaa zaidi na yanarudi wakati watu bado wako kule mbali. Mvuvi yeyote angewaambia. Jedwali la maji lipo, kwa nini hamlitazami kabla ya kuchapa?

Makundi nayo. Meli ya watalii ikitia nanga mnamkabidhi mtu mmoja watu hamsini kwenye vichochoro. Wa nyuma hasikii kitu, wenyeji hawapiti, mimi nabaki kuhesabu vichwa badala ya kueleza historia. Mji wa Venice, Italia, tangu 2024 wameweka ukomo wa watu 25 kwa kundi na wamepiga marufuku vipaza sauti. Msisubiri serikali iwalazimishe.

Vyoo sitaki hata kuanza. Ratiba ya saa tatu bila choo hata kimoja, na ndani yake kuna wazee na watoto.

Ninachotaka si kikubwa. Matembezi ya nje yaanze asubuhi na mapema, au alasiri jua likishalegea. Mchana watu wawe ndani, makumbusho, kanisa au msikiti wa kale, sokoni penye paa, na mhakikishe kwanza siku hiyo pamefunguliwa, maana makumbusho mengi ya Ulaya hufungwa Jumatatu. Pawepo mahali pa kukaa na kujaza maji njiani. Mwongozaji apewe ruhusa ya kukatisha ziara bila kukatwa malipo, maana yeye ndiye anayeziona nyuso za watu.

Nyie wapangaji najua mnasoma humu. Kabla ya kujibu, vaeni viatu mkaipite njia mliyoiuza, saa ileile mliyoiandika, na mmoja wenu awe na umri wa yule mama.