Naomba ushauri: Dar mpaka Guangzhou ni masaa mangapi angani?

Wakuu habari zenu, nipo Dodoma hapa Area C, bi mkubwa anaenda Guangzhou kumwona sista na hajawahi kupanda ndege. Ratiba ukihesabu toka saa ya kuondoka mpaka kufika inakuja kama masaa 15, ila China wako mbele yetu masaa 5 kwahiyo nadhani angani ni 10 hivi, na kwa km 8,700 inaingia akilini. Sasa kuna jamaa wanasema apitie Addis ndo bei rahisi, mi naona kumbadilishia ndege mama mwenye miguu inayovimba ni kumtesa tu. Mliopanda ya moja kwa moja, siti ya kando ya njia mlilipia? Na SGR ya asubuhi inatosha kuwahi ndege ya usiku au bora alale Dar?