Mbwa wa kulea kwa muda, wiki ya tatu hatoki nyuma ya tangi, na wa kumchukua anakuja Jumamosi

MwanaKira
Habari zenu wajameni. Mi niko Kira hapa Uganda, nyumba ya kupanga lakini ina uzio na geti lake, na kwa mara ya kwanza nimekubali kukaa na mbwa aliyeokolewa mpaka apate wa kumchukua moja kwa moja. Ni jike wa kienyeji, rangi kama simsim iliyokaangwa ndo tukamwita Simsim, dokta alikadiria mwaka mmoja na nusu hivi. Walimkuta amefungwa waya shingoni kwenye jengo ambalo halijaisha, kovu lipo na manyoya hayajarudi pale.

Shida ni hii. Anaishi nyuma ya tangi la maji, kule penye upenyo wa kama futi moja kati ya tangi na ukuta, mchana hatoki kabisa, usiku tukishazima taa nasikia bakuli linasukumwa kwenye sementi basi najua anakula. Nikimsogelea anajibana ukutani, mkia ndani, uso anaupeleka kando lakini jicho linanifuata mpaka weupe unaonekana. Juzi nikajaribu kumvuta taratibu na kamba nimzoeze kutembea, akalala chini kama gunia akajikojolea. Nilijisikia vibaya, usingizi haukuja.

Sasa kuna mzee wa Entebbe kaona picha yake (niliipiga usiku na flashi, macho yanawaka kama simba, labda ndo imemdanganya) anataka mbwa wa kulinda na anasema Jumamosi anakuja na gari. Walionipa nao wanataka nafasi, wana wengine wanasubiri. Nimpe? Na nifanyeje atoke huko? Halafu mama anakuja kutoka Bombo mwisho wa mwezi, anaswali humu ndani, yeye na mbwa hawapatani kabisa.

BabaKuku_Mukono
Mbwa wa kulinda anayejificha nyuma ya tangi 😂 wezi wakija si wataondoka na tangi na yeye humo humo. Dada mrudishe uchukue mkali.

mama_wa_jinja
Dada usimsikilize huyo wa kuku. Mi nimelea sita hapa Jinja na wawili walikuwa hivyo hivyo, mmoja alikaa chini ya ngazi karibu mwezi mzima mpaka wageni wakawa hawajui kama nina mbwa.

Kwanza hiyo kamba weka kabatini. Mbwa aliyefungwa waya, kamba kwake ni waya tu, we unaona unamfundisha kutembea yeye anaona yale yale yameanza tena. Akija kuwa tayari tafuta ule mshipi wa kifuani usiogusa shingo, uuweke karibu na chakula siku kadhaa bila kumvalisha, aunuse mwenyewe.

Pili acha kumwendea. Chukua kistuli kidogo, kaa hatua nne tano kutoka kwa tangi, UMPE UBAVU, usimtazame machoni, ongea na simu yako au chambua mchele, dakika kumi asubuhi na kumi jioni saa zile zile kila siku. Mukene mkavu (dagaa) mfukoni. Unamrushia mmoja, lakini umrushie nyuma yake, sio kati yako na yeye, maana ukimlazimisha akukaribie ndo ale atakula huku anaogopa na akishameza anashtuka yuko karibu na mtu. Ukirusha nyuma anarudi kula, halafu anageuka mwenyewe kuangalia kama kuna mwingine, na hapo kugeuka ndo yeye anaanza kukufuata wewe. Mkono juu ya kichwa hapana, hata akikunusa, mkono wa juu kwa mbwa wa hivyo ni fimbo inakuja.

Usimzibie tangi lakini mpe maficho mazuri zaidi ya hilo. Mi nilitumia sanduku la mbao la nyanya, nikalilaza ubavu, gunia ndani, gunia jingine nikaning'iniza mlangoni. Akishalizoea unalisogeza kidogo kidogo, shubiri moja moja, mpaka linafika barazani na yeye ndani yake anadhani hajahama.

Na hebu jaribu Kiluganda. Wa kwanza nilimwita njoo njoo wiki mbili kama mjinga, siku moja mtoto wa jirani akasema "jangu" masikio yakasimama. Nani alimwambia njoo kwenye lile jengo?

Huyo mzee wa Entebbe, mpigie umwambie ukweli wote, tangi, kojo, kila kitu. Anayetaka mlinzi akipewa mwoga atamfunga mnyororo mchana ili awe mkali, na huyu akifungwa tena ndo basi. Akikubali kuja mara tatu kukaa tu hapo kwenye kistuli na kumrushia mukene, huyo mpe nafasi. Akisema hana muda ameshakujibu.

MwanaKira
Asante mama. Ile ya kurusha nyuma sikuwahi kuifikiria, mi nilikuwa naweka chakula mkononi namwita mpaka mkono unachoka.

dawa_za_mifugo
Nafanya na dokta wa mifugo, naongeza machache. Mbwa anayejificha hivyo si woga peke yake kila mara, maumivu nayo yanafanya hivyo hivyo, sikio, jino, au hilo kovu la waya kama kuna kipande kilibaki ndani ya ngozi. Mwombe dokta aje nyumbani badala ya kumbeba kwenye boda, na mumkamate mara moja tu akafanya yote, kovu, kupe, dawa ya minyoo, sindano.

Sindano ya kichaa cha mbwa ni lazima kabla hajatoka kwako, inaanza akiwa na miezi mitatu na hapa kwetu inarudiwa kila mwaka, dai kadi yenye tarehe umkabidhi atakayemchukua. Na kizazi afungwe kabla ya kuondoka, usikubali ahadi ya "tutafunga wenyewe", mimba ya mbwa ni siku kama 63 tu, unamtoa mmoja kabla miezi mitatu haijaisha unapigiwa simu wako saba.

Akinguruma usimkaripie. Kunguruma ni kukuambia rudi nyuma, ukimfundisha kunyamaza ataruka moja kwa moja kwenye kuuma. Na ikitokea kauma mtu, hata kidogo, kidonda kioshwe na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu kliniki siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi.

Geti nalo. Wengi wanapotea siku za mwanzo, boda inaingia, geti liko wazi, kapita. Mwoga akishatoka humwiti akarudi, anakimbia hata akikuona wewe. Weka kizuizi cha pili hata cha mabati kabla ya geti. Na kama atafika Desemba bado yuko kwako, usiku wa fataki za mwaka mpya alale ndani.

Mnubi_Bombo
Kuhusu mama, mi naye ni wa Bombo naongea kama ndugu. Kwetu Waislamu wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi, kumwona mbwa uani sio tatizo. Kwa hiyo mbwa asiingie ndani, bakuli lake lisioshwe pamoja na vyombo vyenu, na we uwe na leso au gauni la kukalia na mbwa tu, ukimaliza unalivua hapo nje. Chombo kikilambwa ni mara saba, moja kwa udongo, mama analijua hilo kuliko sisi. Ila mwambie MAPEMA, asimkute tu. Na akigoma mkumbushe yule aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu akasamehewa, babu yangu alikuwa haruhusu mbwa apigwe kwa ajili ya hadithi hiyo.

BabaKuku_Mukono
Haya nimekubali nimeshindwa 😂 lakini kuku anakula? Maana huyo wenu akipata nyumba yenye kuku na hamjamjaribu mtaniambia.

MwanaKira
Banange nirudi na habari, leo ni Alhamisi.

Mzee nilimpigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema binti umefanya vizuri kuniambia, mimi nahitaji wa kubweka, huyo mtafutie nyumba ya watu wapole. Nilikuwa nimejiandaa kugombana yakaniishia mdomoni. Walionipa wamenipa mwezi mmoja zaidi.

Simsim jana jioni, nimekaa kwenye kistuli nachambua mchele, nimerusha mukene wa nne nyuma yake kama mlivyosema, nasikia kucha kwenye sementi. Sikugeuka. Akasimama, naona kivuli chake tu kwenye sinia, nusu nje nusu nyuma ya tangi, akapiga miayo mara mbili, akanusa kisigino changu pumzi moja ya moto, akarudi mbio. Mchele nilikuwa nimeuchambua wote, nikaanza tena upya ili nisisimame. "Jangu" masikio yamesogea kweli.

Mama kasema ataswalia chumba cha nyuma na mbwa asimpitie mbele.

Nimeandika tangazo jipya, nisaidieni:

*"Simsim, jike, mwaka na nusu hivi. Mwoga sana wa watu wapya, hafai kulinda na asifungwe mnyororo wala kamba ya shingo. Anahitaji nyumba tulivu yenye uzio mzima, bila watoto wadogo wa kukimbizana. Anakula posho (ugali) na mukene. Anayemtaka aje kwanza amtembelee mara tatu. Atapewa na gunia lake la kulalia ili harufu isibadilike ghafla."*

mama_wa_jinja
Zuri. Ondoa ile picha ya flashi weka ya mchana hata kama ni nusu uso. Na usiandike "hafai kulinda", andika "si mbwa wa kulinda", yeye hana kosa.

dawa_za_mifugo
Ongeza tarehe ya sindano na kwamba kizazi kimefungwa, kikishafungwa.

BabaKuku_Mukono
Na kuku jamani. Niko Mukono hapa, nitakuletea mmoja mzee umjaribu naye, ila akae kwenye tenga.