Vyura wa Kihansi: kwa nini walipitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kurudi bondeni?

Mwalimu_Kilombero:
Ndugu wanajamvi, hamjambo. Nilipokuwa nikiwaeleza wanafunzi habari za vyura wa bonde la mto Kihansi hapa Tanzania, nilisema kwamba vyura 100 waliletwa kutoka Marekani Agosti 2010 na kuwekwa katika kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwamba bondeni waliachiwa Desemba 2012. Binti mmoja akauliza: ikiwa kwao ni Kihansi, miaka yote miwili walikuwa wakifanya nini chuoni? Nilijibu kwa kubabaisha. Naomba mwenye ujuzi anisaidie.

Mzoolojia_mstaafu:
Mwalimu, huyo binti ameuliza swali la msingi. Chura huyu aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye kieneo cha hekta chache chini ya maporomoko ya mto Kihansi, ambako manyunyu ya maji yaliifanya hewa na majani kuwa na unyevu usiku na mchana. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, karibu asilimia 90 ya maji ya maporomoko ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakatika. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji, na mwanzoni vyura walionekana kupata nafuu, lakini mwaka 2003 idadi yao iliporomoka ghafla, na katika vyura waliokufa ikakutwa kuvu inayoshambulia ngozi, ambayo imeangamiza vyura katika nchi nyingi. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini.

Waliosalia ni uzao wa vyura wapatao 500 waliochukuliwa mwaka 2000 na kutunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, huko Marekani. Hata huko walinusurika kwa shida, maana hapakuwa na mtu aliyejua mwanga, chakula na joto linalowafaa viumbe wasiozidi sentimita 3, ambao hawatagi mayai majini bali huzaa watoto walio hai. Sasa fikiria kuwachukua 100 na kuwamwaga moja kwa moja kwenye bonde lenye historia ya kuvu! Chuoni walizaliana, wakazoezwa maji na wadudu wa huku, na wataalamu wetu wakajifunza kuwalea kwa mikono yao wenyewe. Ndiyo maana walioachiwa mwaka 2012 walikuwa wengi kuliko wale 100 wa mwanzo.

Fundi_Umeme:
Nakubaliana na maelezo hayo, ila tusisahau upande wa pili. Mitambo ya Kihansi ina uwezo wa megawati 180, na kwa nchi iliyokuwa ikizoea mgawo, hilo si jambo dogo. Kuna waliotucheka kwamba tunatumia fedha nyingi kwa ajili ya chura.

Mzoolojia_mstaafu:
Ndugu Fundi, gharama hiyo haikuletwa na chura, bali na utaratibu uliogeuzwa. Alipogunduliwa mwaka 1996, ujenzi ulikuwa tayari umeanza. Lau uchunguzi wa viumbe wa bonde lile ungetangulia michoro ya wahandisi, kiasi cha maji ya kuachiwa maporomoko kingepangwa mapema, na pengine tusingehitaji ndege ya kwenda Marekani. Kituo cha chuo kikuu, kwa maoni yangu, kinapaswa kuwepo kabla ya bwawa, si baada yake.

Mwalimu_Kilombero:
Ahsanteni sana, wazee wangu. Kesho nitamjibu yule binti kwamba chuoni vyura walikuwa wakiongezeka na kuzoezwa, nasi tukijifunza kuwalea. Ila najua atauliza tena: je, kuvu ile imeshaondoka bondeni?

Mzoolojia_mstaafu:
Mwambie kuvu ya aina ile ikishaingia porini ni vigumu mno kuifukuza, kwa hiyo kuwaachia vyura hakumaanishi kuacha kuwafuga. Akiba ya walio hai chini ya paa lazima iendelee.